Uzoefu wangu: kusomea tiba ya usemi na lugha Marekani

Nilimaliza shahada ya uzamili ya tiba ya usemi na lugha mwezi Mei, katika chuo kimoja cha umma huko Marekani. Kabla ya hapo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Muheza. Walimu wenzangu wawili wameniuliza kama inafaa kuifuata njia hii, nami nimeona niandike nilichopitia.

Kozi inatangazwa kuwa ya miaka miwili. Kwangu ilikuwa mitatu, kwa sababu shahada yangu ya kwanza ni ya ualimu. Mwaka mzima wa mwanzo nilisoma masomo ya msingi tu: maumbile ya koo na kifua, fonetiki, ukuaji wa lugha kwa mtoto, usikivu. Hilo nililijua baada ya kulipa ada ya maombi.

Darasani walimu walikuwa wazuri, sina neno. Lakini taaluma hii hujifunzi kwenye kiti. ASHA, chama cha kitaifa kinachotoa cheti, kinadai saa 400 za mafunzo kwa vitendo: 25 za kutazama na 375 za kuwa na mgonjwa mwenyewe au familia yake. Kuandika ripoti hakuhesabiwi. Mwanzoni kikao cha dakika 45 kilinigharimu saa tatu za kuandika usiku, na daftari langu la saa halikusogea hata dakika moja kwa kazi hiyo. Anayepanga kusoma huku anafanya kibarua alijue hilo.

Nilidhani nitashinda na watoto wenye kigugumizi na kithembe. Wapo, na nawapenda. Kumbe hospitalini sehemu kubwa ya kazi ni kumeza. Mtu aliyepata kiharusi anakunywa maji, yanaingia kwenye njia ya hewa, na pengine hata hakohoi. Tunamlisha chakula kilichochanganywa na bariamu, kitu kinachoonekana kwenye eksirei, huku eksirei ikipiga kama video, tuone kinapita wapi. Vinywaji na vyakula vimepangwa kwa madaraja ya kimataifa, 0 hadi 7, na uzito wa kinywaji unapimwa kwa bomba la sindano: unajaza mililita 10, unaachia kwa sekunde 10, unasoma kilichobaki. Jioni moja nilipima uji wa ulezi jikoni kwangu. Zikabaki mililita 6, daraja la 2. Siku hiyo somo liliniingia kweli, maana nilimfikiria mama yangu mdogo alivyokuwa akimnywesha bibi maji kwa kijiko huku bibi amelala chali. Hakuna aliyemwambia kuwa ni hatari.

Kisha kuna mzee mmoja ambaye sitamsahau. Kiharusi kilipiga upande wa kushoto wa ubongo, maneno yakapotea. Walimpima kwa mkalimani wa simu: kikombe, saa, ufunguo, hakutaja hata kimoja. Nikamwomba msimamizi ruhusa niongee naye. "Shikamoo, babu." Akajibu papo hapo, "Marahaba, mwanangu." Nikaanza moja, mbili, akaendelea mwenyewe hadi kumi. Nikaanza Baba Yetu, akaifikisha Amina. Nikamwonyesha kikombe tena, kimya. Ndivyo afasia, yaani kupotewa na lugha baada ya ubongo kuumia, ilivyo: yaliyokaririwa tangu utotoni mara nyingi hubaki hata pale uwezo wa kulitafuta neno moja ukiwa umevunjika. Tukaanzia hapo kwenye yaliyobaki. Wiki ya tano alikitazama kikombe akasema "chai". Tulilihesabu, na binti yake alilia.

Hapo ndipo penye upungufu mkubwa wa mafunzo haya. Somo la wagonjwa wa lugha mbili lilikuwa moja, la hiari, na mifano yote ilikuwa ya Kihispania. Kipimo cha Kiswahili sikuwahi kupewa. Nililetewa mtoto wa miaka sita, nyumbani wanaongea Kiswahili, shule inasema ana tatizo la matamshi: akisema Kiingereza, "bed" inakuwa "bedi", "milk" inakuwa "miliki". Kipimo cha picha cha Kiingereza kilimhesabia kosa kila neno la namna hiyo. Mimi nilisikia mtoto anayefunga silabi kwa irabu kama lugha ya mama yake inavyotaka. Nikamwomba anisimulie jambo kwa Kiswahili. "Mbuzi wamekula majani yote, mama akayakata mengine." Ngeli zote mahali pake! Nikaandika kurasa nne kueleza kwamba haumwi. Asingekuwepo mtu anayejua Kiswahili, sijui angeingizwa darasa gani.

Mafunzo ya nje yalinichelewesha pia. Nafasi niliyopangiwa ilifutwa wiki mbili kabla, nyingine ikapatikana mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, nami gari sina. Nilipoteza muhula.

Mtihani wa Praxis, ambao ni wa lazima ili kupata cheti cha ASHA, nilipita. Wanataka 162 kati ya 200. Sasa niko wiki ya 14 kati ya 36 za kazi chini ya usimamizi, ndipo cheti kije. Ningesoma tena, naam. Ila anayetaka kurudi kufanya kazi Afrika Mashariki aangalie kwanza Makerere, ambako shahada ya kwanza ya fani hii ilianza 2008. Uzamili ni sharti la huku Marekani, si la kila nchi.

Na anayekuja huku, baada ya kuhakikisha chuo kina ithibati, aulize mambo matatu: nani anatafuta nafasi za mafunzo, wewe au chuo, je, utapata hospitali ya watu wazima, na nafasi ikifutwa, muhula wa ziada analipa nani. Uliza kwa barua pepe, majibu yaje kwa maandishi.