Kamba za kinbaku: juti ya milimita 6, iliyoandaliwa au mbichi?

Kinbaku ni sanaa ya Kijapani ya kumfunga mtu kwa kamba, na wauzaji wengi huzinadi kamba hizi kama urithi wa samurai. Hiyo ni lugha ya sokoni. Hojojutsu ya enzi ya Edo (1603–1868) ilikuwa kazi ya kudhibiti kwa kamba watu waliokamatwa, na ufungaji ulitofautiana kulingana na hadhi ya mtu. Kinbaku kama sanaa ni mtoto wa karne ya 20: mchoraji Ito Seiu (1882–1961) alichota kwenye tamthilia za kabuki na adhabu za Edo, jarida la Kitan Club lililoanza mwaka 1947 likaeneza picha, kisha mabingwa kama Nureki Chimuo na Akechi Denki wakaunoa ufundi wenyewe. Kwa hiyo kamba tunaipima kwa kazi hiyo.

Juti inafaulu kwa sababu ya msuguano. Ukiikunja katikati na kuizungusha, mizunguko inang'ang'aniana bila fundo la kukaza, na kufungua ni haraka. Nailoni huteleza. Pamba huvutika, halafu fundo lake hukaza hadi likatae kufunguka. Mkonge hukwaruza ngozi, usiuguse. Urefu wa mita 7 hadi 8 unatosha. Unene wa milimita 4 hukata mwilini, wa 8 hujaza mafundo makubwa yasiyolala.

Juti mbichi ni rahisi kwa bei, ila nyingi hunuka mafuta ya petroli yaliyotumiwa kiwandani kulainisha nyuzi, na harufu hiyo haitoki upesi. Kuiandaa: ivute ilainike, ipitishe haraka juu ya moto wa gesi kuunguza manyoya (mshumaa huacha masizi), ifute, kisha ipake matone machache tu ya mafuta ya jojoba kwa kitambaa. Ukizidisha mafuta, msuguano unakufa. Mafuta ya kupikia huchacha.

Iliyoandaliwa inastahili bei yake endapo msokoto ni mkali na sawa mwanzo hadi mwisho. Jaribu hivi: isukume kutoka pande mbili kuelekea katikati. Nyuzi tatu zikiachana kirahisi, kamba itafunguka ikitumika, mzigo utabaki kwenye uzi mmoja. Usiifue, maji huilegeza na kuidhoofisha. Itundike ikauke jasho.

Kosa la seti nyingi ni kutokuwa na mkasi wa usalama wenye ncha butu. Ununue pamoja na kamba. Kamba inayokandamiza upande wa nje wa mkono wa juu inaweza kuumiza neva ya radiali, na dalili ni kiganja kushindwa kuinuka. Ganzi ikianza, fungua hapo hapo, hata kama picha haijapigwa.

Kwa anayeanza: kamba nne zilizoandaliwa, za kumfunga mtu akiwa sakafuni tu. Kuning'iniza mtu kunahitaji mwalimu, na kamba za kubeba uzito zibadilishwe mapema, kabla hazijaonyesha uchakavu. Alama: 4 kati ya 5.