Ushauri na kipimo cha jeni za saratani ya kurithi: tathmini yangu

Nimeitumia huduma hii kuanzia kikao cha ushauri hadi majibu, na ninaipendekeza kwa sharti moja: usitoe damu kabla hujaketi na mshauri wa jeni. Maabara ndiyo sehemu rahisi. Kazi yenyewe ni kuamua nani apimwe, jeni zipi ziangaliwe, na majibu yakitoka yatabadilisha nini katika matibabu.

Kikao cha kwanza karibu chote huishia kwenye mchoro wa ukoo. Andaa vizazi 3, upande wa mama na wa baba, na uandike ndugu wa damu tu. Kwa kila aliyeugua, taja saratani ilianzia kiungo gani, aligundulika akiwa na umri gani, na kama aliwahi kupata saratani nyingine tofauti. Umri wa kugundulika ndio wenye uzito, si umri wa kufariki: saratani ya titi katika miaka 38 humfanya mshauri aulize mengi zaidi kuliko ileile ikimpata mtu wa miaka 78. Ukiandika "saratani ya tumbo" hujamsaidia, maana inaweza kuwa ya ovari, utumbo mpana, mji wa mimba au tumbo lenyewe, na kila moja inaelekeza kwenye jeni tofauti. Majibu ya zamani ya patholojia (uchunguzi wa kimaabara wa kipande cha uvimbe), hata kama ni karatasi iliyochakaa, yana thamani kuliko kumbukumbu ya familia nzima. Mwandike pia aliyetolewa ovari au mji wa mimba akiwa bado kijana, kwa sababu upasuaji huo huenda ulizuia saratani ambayo ingeonekana kwenye mchoro.

Upande wa baba ndio unaosahaulika zaidi. Mabadiliko ya BRCA1 na BRCA2, jeni mbili ambazo zikiharibika huongeza hatari ya saratani ya titi na ya ovari, hurithiwa kwa baba sawa na kwa mama, na kila mtoto wa mwenye badiliko ana nafasi ya 50% ya kulipata. Mwanaume mwenye badiliko la BRCA2 naye yumo hatarini kupata saratani: ya tezi dume, ya kongosho, hata ya titi.

Alama zangu nyingi nazitoa kwa jinsi mshauri alivyosisitiza kwamba wa kwanza kupimwa awe ndugu aliyeugua, kama yupo na yuko radhi. Mgonjwa akikutwa na badiliko lenye madhara, ndugu wengine hupimwa hilo moja tu, na asiyekuwa nalo huambiwa bila kigugumizi kwamba hakulirithi. Ukianza na mzima na kipimo kisione kitu, hamtajua kama kweli hakurithi au kama tatizo la familia limo kwenye jeni ambayo haikuguswa. Watu wengi hurudi nyumbani na jibu la namna hiyo wakidhani wamesalimika.

Sampuli ni mililita chache za damu kwenye kichupa cha EDTA (kemikali inayozuia damu kuganda) chenye kifuniko cha zambarau, au mate. Ukichagua mate, kaa dakika 30 bila kula, kunywa, kuvuta sigara wala kutafuna jojo, kisha jaza hadi kwenye mstari. Povu halihesabiwi, na wengi huombwa kurudia kwa sababu hiyo. Aliyewahi kupandikizwa uboho aseme mapema. Damu yake, na hata mate, hubeba DNA ya aliyemchangia, hivyo huhitajika kipande kidogo cha ngozi. Mwenye saratani ya damu naye hushauriwa njia hiyo.

Kabla ya kulipa, uliza maswali mawili: je, jeni inasomwa yote? Na je, vipande vikubwa vilivyofutika au kujirudia vinaonekana? Vipimo vya kununua mtandaoni mara nyingi hutazama sehemu chache tu. Cha kampuni ya 23andMe kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2018 kilitazama mabadiliko 3, yale ya kawaida kwa Wayahudi wa Ashkenazi (wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki), wakati yanayojulikana kuwa na madhara kwenye BRCA1 na BRCA2 ni maelfu. Kwa upande mwingine, sishauri kukimbilia kifurushi chenye jeni nyingi kuliko vyote. Kadiri jeni zinavyoongezeka ndivyo yanavyoongezeka majibu ya "badiliko lenye maana isiyojulikana".

Jibu hilo ndilo linaloleta makosa mabaya. Si chanya. Usitolewe kiungo kwa sababu yake, wala usiwapime ndugu kwalo ili waamue tiba. Mengi yakichunguzwa zaidi huonekana hayana madhara. Watu wenye asili ya Afrika na Asia huyapata mara nyingi zaidi, kwa kuwa kumbukumbu za kulinganishia zimejengwa hasa kwa watu wenye asili ya Ulaya. Hapa huduma niliyotumia inapoteza alama: ripoti haikusema nani atakujulisha uainishaji ukibadilika. Dai hilo kwa maandishi.

Jibu likiwa chanya, kikao cha pili kiwe na tarehe, si pole tu. Kwa BRCA1, hatari ya saratani ya titi kufikia miaka 80 ni takriban 72% na ya ovari 44%. Kwa BRCA2 ni 69% na 17%. Miongozo mingi huanza MRI ya matiti (picha kwa sumaku) kila mwaka tangu miaka 25, na huongeza mamografia (eksirei ya matiti) tangu 30. Ovari hazina uchunguzi wa kutegemewa, ndiyo maana kuziondoa pamoja na mirija hujadiliwa kati ya miaka 35 na 40 kwa BRCA1, baadaye kidogo kwa BRCA2, uzazi ukishakamilika. Kwa sindromu ya Lynch, hali ya kurithi inayoongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana na ya mji wa mimba, kolonoskopi (kuangalia utumbo mpana kwa kamera) hufanywa kila baada ya mwaka 1 hadi 2.

Omba nakala ya ripoti na barua ya kuwapa ndugu. Iwe na jina la jeni na badiliko kamili, mfano BRCA1 c.5266dup; "ana BRCA" peke yake haiisaidii maabara nyingine. Watoto chini ya miaka 18 hawapimwi BRCA, kwani hakuna hatua inayochukuliwa utotoni. TP53 na APC, jeni nyingine za saratani ya kurithi, ni tofauti: huko uchunguzi huanza mapema, na mtoto hupimwa.