Nilitaka Linux, nikajikuta na Debian nyingine

Nina stationari ndogo Buzuruga, Mwanza. Mwaka 2014 nilichoka kumlipa fundi kila baada ya miezi miwili anipigie Windows upya, maana flashi za wateja zilikuwa zinaniachia virusi. Nikasubiri bando la usiku, nikapakua Debian 7, mfumo wa kompyuta wa bure ambao kwa kawaida huja na Linux, nikaiweka.

Asubuhi kadi ya Wi-Fi haionekani kabisa. Nikachomeka waya: apt, amri ya kuweka programu, inakubali, LibreOffice ya kuandikia ni ileile, amri zote ninazozijua zinaitika. Nikaandika uname, amri ya kuuliza jina la mfumo, ikanijibu: GNU/kFreeBSD. Kumbe jina la faili lilisema tangu mwanzo, ila usingizi ulinifanya nisome "amd64" tu, yaani aina ya prosesa!

Sisi wa ziwani hili halitusumbui sana. Mtumbwi uleule leo unaufunga Yamaha, kesho unaufunga injini nyingine, na nyavu ni zilezile mpaka Ukerewe. Programu za GNU, mradi aliouanzisha Richard Stallman mwaka 1983, ndizo sehemu kubwa ya mtumbwi. Linux ya Linus Torvalds, ya mwaka 1991, ni injini, yaani kiini (kernel), sehemu inayoendesha vifaa vya kompyuta. Injini yangu mimi ilitoka FreeBSD, mfumo mwingine kabisa, na ile k ndogo iliwekwa kusudi, mtu ajue kimechukuliwa kiini tu, si FreeBSD nzima. Na simu ya Android? Ina kiini cha Linux, lakini mtumbwi wa GNU haumo.

Nilikaa nayo miezi mitatu. ZFS yake, mfumo wa kuhifadhi faili unaoweza kutunza nakala za nyuma, niliipenda mno: siku moja nilifuta mtihani wa mteja, mwalimu amesimama kaunta ananitazama, nikaurudisha kutoka kwenye nakala ya jana yake. Lakini bila Wi-Fi biashara haiendi. Nikahamia Debian GNU/Linux, nikaongeza faili za kuendeshea kadi, mtandao ukashika, nipo nayo hadi leo. Ile ya kFreeBSD ilifungwa mwaka 2023. Nyota tatu, na pole.

GNU/Hurd nimeijaribu kwenye mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yangu. Hurd ni kiini cha GNU wenyewe, kilianza kutengenezwa mwaka 1990, kabla ya Linux. Hapo uname inajibu GNU tu, bila mkwaju (/). Kazi kama za faili na mtandao zimegawanywa kwa programu ndogo ndogo, moja ikifa unaiwasha tena. Akili kubwa, ila kwangu ilikuwa nzito na sauti haitoki. Nyota mbili. GNU/Linux naipa nne na nusu, nusu imebaki kwa usumbufu wa ile Wi-Fi.

Mdogo wangu hunicheka kwa kuandika majina marefu kwenye orodha ya mashine pepe. "Si uandike Linux tu, kaka?" Juzi alifungua ya pili bila kusoma, akaweka Bongo Fleva, akaja kuniuliza spika zimeungua lini.