Uzoefu wangu: nilivyohangaika kupata meza ya juu ya paa Mji Mkongwe

Jina la mgahawa silitaji, maana waliniudhi na kunifurahisha usiku huohuo mmoja na sitaki kumwagia mtu ugali wake. Ila kama unaijua Zanzibar utakuwa ushahisi ni wa aina gani, ile nyumba ya kale iliyogeuzwa hoteli, unapanda ngazi za mbao mpaka magoti yanalalamika, ukifika juu kabisa kuna paa lenye mazulia na mito, unavua viatu unakaa chini unakula huku jua linazama baharini. Meza zenyewe za kuhesabu, kama kumi hivi, na chakula cha jioni ni mkupuo mmoja tu, hakuna cha wa kwanza wakitoka wanaingia wengine. Ukikosa umekosa.

Sisi tunakaa Dar. Ndoa yetu ilikuwa inatimiza miaka kumi mwishoni mwa Julai na waifu alikuwa kashanitumia picha za sehemu hiyo si chini ya mara nne, hasemi kitu, anatuma picha tu halafu ananiangalia. Sasa Julai na Agosti ndo watalii wamefurika, hoteli zimejaa, na hizi sehemu za juu ya paa zinaanza kuwapa nafasi wageni waliolala hapohapo hotelini, halafu wanaoletwa na kampuni za utalii, sisi wengine ndo tunagombania makombo. Hilo sikulijua. Mi nilidhani unapiga simu Alhamisi unakula Jumamosi kama kwenda kula kuku Sinza.

Wiki tatu kabla nikawaandikia kwenye WhatsApp, Kiswahili safi kabisa, salamu juu, habari za kazi, naomba meza ya watu wawili Jumamosi saa 12 jioni, tunataka kuona jua likizama. Tiki mbili za bluu. Kimya. Siku ya pili kimya, siku ya nne nikatuma alama ya kuuliza, kimya. Nikapiga, inaita mpaka inakata. Nikamwambia shemeji yangu, kaka yake waifu, anakaa Mpendae, akacheka akasema shemeji waandikie Kizungu. Nikaona ananitania, haya nikajaribu, nikaandika kwa Kingereza kifupi bila hata salamu, watu wawili, Jumamosi, saa 12, tunataka kuona machweo. Dakika kumi hazikuisha nimejibiwa! Tena kwa bashasha, na vikatuni vya jua na mnazi. Jamani. Niko nchini kwangu nataka kula pweza wa nazi, lugha yangu inasomwa na haijibiwi. Hii ndo sababu ya kwanza nyota zangu hazijafika tano, na nilimwambia mhusika hivyohivyo baadae, sikumung'unya maneno.

Wakataka kishika uchumba cha elfu hamsini, hakirudi usipotokea. Sioni ubaya, meza kumi ukiachiwa mbili tupu ushapata hasara. Nikatuma kwa simu, nikaletewa ujumbe una jina langu, tarehe, watu 2, 12:00. Nikausoma nikaridhika, nikamuonyesha waifu, nae akausoma akaridhika. Watu wazima wawili tuna akili zetu timamu hakuna aliyeona kitu.

Siku yenyewe tukapanda boti ya asubuhi. Wanaosafiri miezi hiyo wanajua kusi linavyovuma, yale masaa mawili ya Dar mpaka Unguja yanaweza kukuonyesha ulichokula juzi. Waifu alifumba macho mwanzo mwisho, mi nilikuwa naangalia vile vifuko vinavyogawiwa kwa abiria na kumuomba Mungu. Tukafika, tukaenda kwa shemeji, tukalala kidogo, tukaoga, tukavaa. Saa kumi na moja na nusu jioni tuko vichochoroni Mji Mkongwe na ramani ya simu inazunguka tu kama kuku aliyekatwa kichwa, maana kule njia ni za upana wa baiskeli na kuta ni ndefu. Usihangaike na ramani, uliza wazee waliokaa barazani. Tuliuliza mzee mmoja anacheza bao, hakuinua hata kichwa, akanyoosha mkono na kete bado ziko kiganjani.

Tukaingia. Mapokezi kakaa mama mtu mzima, buibui na ushungi, miwani imeshuka puani, mbele yake daftari kubwa la mistari. Nikasalimia, akaitika vizuri, akaniuliza jina, akapitisha kidole polepole kutoka juu mpaka chini, akageuza ukurasa nyuma, kidole kikasimama.

"Nyie si mlikuwa wa mchana? Tumekungojeni mpaka saa nane."

"Mchana gani mama? Mi niliandika saa kumi na mbili."

"Na hapa pameandikwa kumi na mbili."

Akaligeuza daftari nione. 12:00. Tukabaki tunatazamana. Hapo ndo ikaniingia akilini, ile meseji ya Kiswahili ambayo haikujibiwa ilikuwa na neno jioni, ile ya Kingereza iliyojibiwa nimeandika 12 peke yake, kwa sababu kichwani mwangu saa kumi na mbili ni jua kuchwa, sasa kwa saa ya Kizungu kumi na mbili ni saa sita mchana. Nimeishi miaka thelathini na nane nahesabu saa kwa namna mbili bila kujichanganya, kazini 14:00, nyumbani saa nane, ikaja kunikamata siku ya anivesari. Waifu hakusema neno. Alihamisha mkoba kutoka bega la kulia kwenda la kushoto.

Kosa la nani? Nimeshabishana na watu wengi kuhusu hili. Nusu ni langu nakubali. Ila niliandika kabisa tunataka kuona machweo, sasa nani anaweka meza ya machweo saa sita mchana, jua liko utosini? Aliyekuwa anajibu meseji angesoma mstari mzima angeuliza. Nikamwambia mama yule taratibu, nikamfungulia simu, nikamuonyesha na ile ya kwanza ya Kiswahili iliyolala wiki tatu. Akavua miwani, akasoma zote mbili, akaita kijana ndani wakaongea kwa sauti ya chini, kijana akawa anakuna shingo. Akarudi kwetu akasema, "Meza sinayo wanangu, nisikudanganyeni. Lakini kaeni hapo, kuna Wataliano wawili toka jana mmoja tumbo linamsumbua. Wakishuka kuniambia hawali, ni yenu. Wakipanda, nisameheni."

Basi tukakaa kwenye baraza la ndani tunaombea tumbo la mtu. Sio vizuri najua. Kila ngazi zikilia nageuka. Tukaletewa kahawa chungu vikombe viwili na kashata bila kuombwa na bila kulipishwa, hilo naliandika kwenye mazuri yao. Ilipofika kama saa kumi na mbili na dakika tano mzungu mmoja akashuka pekeyake, mkono uko tumboni, akaongea na mama kidogo, na mama akatutazama juu ya miwani akatuonyesha ngazi kwa kidevu.

Tulipanda zile ngazi mbiombio sijawahi kuona.

Sasa hapo juu. Meza tuliyopewa haikuwa ya mbele upande wa bahari, ilikuwa ya pembeni karibu na jiko, ila bado unaona. Watu wanaoweka picha mtandaoni wanakata sehemu fulani, mi nakwambia yote. Kinachoonekana kwanza ni mabati. Mabati yenye kutu kila upande mpaka macho yanapoishia, matangi ya maji meusi, madishi, nguo zimeanikwa, paka wanatembea juu ya kuta. Halafu katikati ya hayo mabati inachomoza minara ya misikiti, inachomoza ile minara miwili ya kanisa la Mtakatifu Yosefu, na upande wa pwani Beit el Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la mwaka 1883, lile ambalo upande wake uliporomoka siku ya Krismasi 2020. Niliwahi kuingia mle nikiwa shule ya msingi tumeletwa ziara, nakumbuka mlango tu ulivyokuwa mkubwa. Nilipoliona na pengo lake nikanyamaza kidogo.

Jua lilizama saa kumi na mbili na dakika ishirini na kitu. Halizami taratibu kama kwenye picha, likishagusa maji linadondoka. Na likishadondoka tu, azana. Inaanza msikiti mmoja, unadakia wa pili, wa tatu upo chini ya miguu yako kabisa, sauti zinapishana hewani na kusi linapeperusha mapazia, na wale wageni wote waliokuwa wanapiga kelele na kamera wakatulia wenyewe bila kuambiwa. Waifu akanishika mkono. Saa ya mchana nikajua imesamehewa, au angalau imeahirishwa mpaka tukirudi Dar.

Chakula kinakuja awamu tano na huchagui, unapewa kilichopikwa siku hiyo, kama una mzio au huli kitu useme wakati unaweka meza. Walianza na sambusa na kachori, ndogo za kutia mdomoni mara moja, na chatne ya ukwaju. Halafu supu ya mhogo nimeisahau. Kisha pweza. Nataka niongee kidogo kuhusu huyu pweza. Mi pweza ninayemjua ni wa jioni barabarani Dar, anakatwakatwa vipande unachovya pilipili, mtamu lakini unatafuna mpaka taya linachoka. Huyu alikuwa kwenye tui zito lenye bizari na limau, ukimgusa na uma anakatika, lakini bado unajua unakula pweza, hajawa uji. Nikamuuliza mhudumu mmefanyaje akasema anapigwa kwanza, halafu anachemshwa kwa maji yake mwenyewe bila chumvi, chumvi mwishoni. Waifu ameshajaribu nyumbani mara mbili, bado hajafika ila anakaribia.

Samaki alikuwa jodari, mkavu kidogo kwa maoni yangu. Wali wa nazi mzuri ila kiasi chake, jamani, kijiko kikubwa kimoja kimefinyangwa na kikombe na jani la mnanaa juu. Mwisho kipande cha mkate wa kumimina na kahawa ya iliki. Wazee wawili walikuja wakakaa kona, mmoja udi mwingine ganuni, wakapiga taarabu ya zamani bila spika, na hapo ndo unaona thamani ya hela.

Hela yenyewe: laki na ishirini kwa kichwa, vinywaji mbali. Jumla ilinifikia laki mbili na themanini na kitu. Ile elfu hamsini yangu, kwa sheria yao ilikuwa imeshaliwa maana kwenye daftari mi ni mtu ambaye hakutokea. Bili ilipokuja nikakuta imekatwa humohumo, mama yule kaandika kwa peni kwa mkono wake. Sikumuomba. Nilipopita mapokezi kushukuru akasema tu mara nyingine andika usiku au mchana, na mi nikamwambia mara nyingine nanyi jibuni Kiswahili. Akacheka, akasema yule kijana anayeshika simu nitamsema.

Kwa anayetaka kwenda, nilichojifunza ni hiki. Meza ya Julai, Agosti au siku za mwisho wa mwaka itafute hata mwezi mmoja kabla, na Februari wakati wa Sauti za Busara nayo ni hivyohivyo. Masika, Machi mpaka Mei, nafasi utapata lakini mvua ikinyesha juu ya paa mnashushwa ndani na machweo hamna, na sehemu nyingine zinafunga kabisa. Andika saa kwa namna ya 18:00 hata kama inakukera. Na kama umeambiwa pamejaa usikate tamaa, fanya alichoniambia shemeji baada ya mambo yote kuisha, nenda mwenyewe asubuhi ya siku hiyohiyo kama saa nne, salimia vizuri, uliza kama kuna aliyeghairi. Watu wanaugua, boti zinachelewa, wapenzi wanagombana. Mtu aliyesimama mbele ya daftari anapewa kabla ya mtu aliyeko kwenye simu. Wazee wenye shida ya miguu usiwapeleke, nilihesabu ngazi themanini na kitu kabla sijapotea hesabu.

Nawapa nyota tatu na nusu. Ingekuwa pweza na mama wa mapokezi peke yao ningewapa tano, ingekuwa simu peke yake ningewapa moja.

Na ndio, tulitoka na njaa. Saa tatu usiku tulikuwa Forodhani, mi urojo, waifu mishikaki, tumesimama na nguo zetu za anivesari, mchuzi ukanidondokea kwenye shati jeupe. Ah, na viatu. Vaa vya kuvua na kuvaa haraka. Mi nilivaa vya kamba, wakati wa kutoka watu wamepanga foleni nyuma yangu kwenye ngazi nyembamba, nimeinama nafunga, na kamba moja ikakatika.