DragStar 400 na Steed 400 kwenye barabara za Dodoma: uzoefu wangu

Kama unaishi Dodoma na unatafuta kruza ya Kijapani iliyotumika, yaani pikipiki ya kukalia chini na miguu mbele, chukua Yamaha DragStar 400, hasa kama safari zako nyingi ni za kutoka nje ya mji. Nasema hivi nikiwa ninayo, lakini pia nikiwa nimeiendesha sana Honda Steed 400 ya shemeji yangu anayeishi mtaa wa Kisasa. Tukisafiri pamoja tunabadilishana njiani, kila mmoja anashika ya mwenzake kwenye barabara ileile na upepo uleule. Hapo ndipo unapoziona zilivyo.

Ukisoma vipimo utadhani ni pacha. Zote zina silinda mbili zilizopangwa kwa umbo la V, cc 399 kwa Yamaha na cc 398 kwa Honda, kwa sababu leseni ya daraja la kati kule Japani inaishia cc 400 na kampuni zikatengeneza pikipiki za kufika hapohapo. Steed ilitangulia, 1988. DragStar ikafuata 1996. Hata matairi ni saizi moja: mbele 100/90-19, nyuma 170/80-15. (Nazungumzia DragStar ya kawaida. Ile ya Classic ina tairi nene la inchi 16 mbele, na hiyo ni habari nyingine kabisa.) Kwa hiyo tofauti unayoisikia mikononi haitoki kwenye saizi ya tairi. Inatoka kwenye uzito, na kwenye kinachopeleka nguvu gurudumu la nyuma: Steed ina cheni, DragStar ina shafti, yaani mhimili wa chuma unaozunguka badala ya cheni.

Nianze na upepo, maana kwetu huku ndio mtihani mkubwa. Aliyepita barabara ya Kondoa kati ya Juni na Septemba anaujua. Ukishaipita Mayamaya nchi inafunguka, miti ya kukukinga ni michache, na upepo unakupiga kutoka kulia ukiwa na vumbi lake. Kwa kilomita 80 kwa saa, Steed inasukumwa hadi unaendesha ukiwa umeinama upande mmoja muda wote. Kibaya zaidi ni lori linalokuja mbele yako. Likipita kulia kwako linaukata upepo ghafla, pikipiki inaelekea katikati ya barabara, kisha mkia wa lori ukiisha upepo unarudi kama kofi. DragStar nayo inayumba, ila kwa kuwa ni nzito zaidi inayumba taratibu. Unapata muda wa kuirekebisha kabla haijatoka kwenye mstari wako. Nikifika Kondoa nikiwa kwenye DragStar mabega yangu ni mazima. Nikifika na Steed nahitaji kukaa kidogo kwanza. Iwe ipi, usikabe usukani. Legeza viwiko uiache icheze kidogo, itajirudi yenyewe.

Uzito huohuo unaokuokoa kwenye upepo unakudai kwenye kona. Kwa kona nenda barabara ya Iringa: ukivuka bwawa la Mtera na kuanza kupanda Nyang'oro, Steed inakuwa raha tupu. Unasukuma mbele kidogo mkono wa usukani wa upande unaotaka kwenda, nayo imeshalala. DragStar lazima uiambie mapema, na ukishaiambia usibadilishe mawazo. Shafti nayo ina tabia zake: ukipunguza mafuta ghafla katikati ya kona, nyuma inashuka, na sehemu ya kukanyagia inakwangua lami mapema kuliko ulivyotarajia. Anayetoka kwenye boksa atashtuka. Dawa yake ni kumaliza kazi yote kabla ya kona, breki na gia, kisha kuingia na mafuta kidogo yasiyobadilika mpaka utoke. Wakati wa kuteremka usitegemee breki peke yake. Zote mbili zina diski moja mbele na dramu nyuma, na ukiwa na abiria na mzigo, injini ndiyo inayopaswa kukushikia mwendo.

Matuta na rasta (vituta vidogo vinavyofuatana) hapa nchini ni vingi, na kruza haikutengenezwa kwa ajili yake. Miguu iko mbele, kwa hiyo huwezi kunyanyuka kidogo kama kwenye pikipiki ya kawaida. Kila kishindo kinakwenda moja kwa moja kiunoni. Shokapu ya nyuma imefichwa chini ya kiti na haina safari ndefu. Kwenye rasta za barabara ya Morogoro Steed ni laini kidogo. Gurudumu la nyuma la DragStar limebeba difu ya shafti (boksi la gia linalolizungusha gurudumu), ni zito, na gurudumu zito likirushwa juu linakurusha na wewe. Kwenye tuta refu ukiwa na abiria, zote mbili pita pole na kwa mshazari, la sivyo tumbo la pikipiki litagusa.

Mjini, Steed. Foleni ya jioni ukitokea Mtumba, jua bado kali, ina rejeta na feni yake inaipoza; DragStar inapozwa na hewa, na hewa haiji ukiwa umesimama. Mapaja yanajua.

Lakini vumbi la Dodoma linanirudisha kwenye shafti kila nikifikiri. Cheni ya shemeji inataka kusafishwa na kupakwa mafuta baada ya kila safari ndefu, na wanaoipaka oili chafu wanaongeza vumbi la kuisaga. Fundi wetu wa Chang'ombe alimwambia wazi, "Kaka, hapa unalisha mchanga." Kwangu ni kubadilisha oili ya difu kwa wakati, basi. Na tenki la lita 16 linanipeleka Kondoa na kunirudisha bila kuwaza sheli iko wapi.

Jambo moja linalosahaulika: springi ya nyuma inakazwa na kulegezwa. Nikimbeba mke wangu na begi naikaza, nikiwa peke yangu nailegeza. Ukiiacha imelegea ukiwa na mzigo, nyuma inalala, mbele inakuwa nyepesi, na upepo unaipata vizuri zaidi. Kwa hiyo ukienda kuijaribu ya kununua, uliza kwanza imekazwa kiasi gani. Halafu usikubali kuzungushwa Nyerere Square tu. Omba uipeleke barabara ya Kondoa hadi Makutupora, mchana upepo ukiwa umeamka, na nyuma yako umpakie mtu utakayesafiri naye.