Mkopo wa nyumba wa KMRC: unafaa, ila hati ya mshahara ndiyo inaamua
Kwa riba isiyofika asilimia 10, mkopo huu wa KMRC, kampuni inayozipa benki na sacco fedha za kukopesha wanunuzi wa nyumba, ni wa nafuu sana Kenya. Kinachokwamisha ni madeni ya awali. Sheria ya Ajira hairuhusu makato kupita theluthi mbili ya mshahara. Tuseme unalipwa 120,000, kikomo cha makato ni 80,000: makato ya lazima 34,000, sacco 25,000. Nyumba inabakiziwa 21,000 kwa mwezi, yaani mkopo wa takriban milioni 2.25 kwa riba ya asilimia 9.5, miaka 20. Maliza deni la sacco kwanza, utapita milioni 4.9! Mikopo ya simu nayo ilipe mapema, kisha hakikisha CRB, wanaotunza kumbukumbu za wakopaji, wamesasisha rekodi. Hata deni dogo lililosahaulika linaweza kukwamisha ombi. Ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini, uwekee akiba yake.