Arboretum ya Nairobi kwa Mpenda Nyuki
Bustani ya miti ya Arboretum, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1907 kwa ajili ya kujaribu miti ya kigeni, inastahili sifa kubwa kwa namna inavyowalisha nyuki katikati ya jiji. Njia zake zinapitika vizuri. Mikalitusi hutoa nekta kwa wingi, na mijakaranda inapochanua, mvumo wa nyuki husikika tangu jua linapopasha matawi.

Ombi langu kwa wasimamizi ni kwamba nyasi za pembezoni zisifyekwe kabla kishona nguo hakijamaliza kuchanua, kwa sababu ua hilo dogo, ambalo wengi huliita gugu tu, huwapa nyuki chavua miti mikubwa isipokuwa na maua. Asubuhi za baridi za Julai nyuki huwa wachache. Chagua siku ya jua.